Alama ya Kivulini

Hapa Caruaru, mji wetu wa jinzi huku Brazili, ukiuliza Josenildo ni nani, watu watakutolea macho tu. Uliza Nildo ticha. Hapo hata mbwa wa mtaani atakusindikiza mpaka mlangoni. Kijana mrefu, mgongo umejipinda kama ndoano, miwani imefungwa waya kwenye sikio moja. Mama yake kashona jinzi mpaka rangi ya bluu ikahamia vidoleni haitoki hata kwa dawa, na Nildo ndiye mtu wa kwanza katika nyumba ile kuamka asubuhi bila kukimbilia cherehani. Basi huyo mama anavyojisifu! Ukipita tu barabarani, utaitwa.

"Mwanangu anasahihisha insha kwenye kompyuta, unasikia? Amekaa. Ana feni."

Kukaa ni kweli. Feni ni kweli. Hayo mengine ndiyo yaliyomkosesha usingizi.

Kazi yenyewe ilikuwa Mandacaru, shule ya watu binafsi inayowanoa vijana kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kila mwaka wanatoa viti kumi vya bure kwa waliosoma shule za serikali, na viti hivyo vinagombaniwa kwa insha moja. Siku moja, mada moja, karatasi moja. Ukipata kiti unakaa mwaka mzima na walimu wanaoujua ule mtihani nje ndani. Ukikosa, karibu tena kwenye cherehani, mifuko ya suruali inakusubiri.

Usahihishaji wake ulipangwa vizuri, ukielezwa utapiga makofi. Kila insha inasomwa na watu wawili. Hawaoni jina la mwandishi, hawajuani wao kwa wao, kila mmoja yuko na kompyuta yake. Vigezo ni vitano, kila kimoja mia mbili, ukijumlisha ni elfu. Wakikaribiana, alama zinagawanywa kati, mchezo umekwisha. Wakipishana sana, insha inapanda kwa mtu wa tatu, Dona Valdirene, yaani Bi Valdirene, mratibu, mama mmoja hana mchezo, akikohoa watu wanafunga vifungo vya shati. Na yule ambaye alama yake iko mbali na ya Dona Valdirene, anabandikwa kitone chekundu ubaoni, mbele ya namba yake. Vitone vitatu, msimu ujao usijisumbue kuja.

Wakaita hiyo haki. Macho mawili yasiyojuana hayawezi kudanganya, si ndiyo? Ngoja.

Mwaka wake wa kwanza Nildo alisoma kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Insha ikimgusa, anapandisha, mia tisa ishirini. Ikimchosha, anashusha, mia tatu. Mwezi haujaisha, vitone viwili. Mwalimu Adeildo ndiye aliyemvuta shati kwenye korido. Huyu Adeildo alimfundisha Nildo tangu yuko shule, mvi zimejaa mpaka nyusi, na katika ubao ule mzima namba yake peke yake ilikuwa safi, hajawahi kupata kitone tangu Mandacaru ijengwe.

"Mwanangu, unataka kufa na njaa?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kaa kivulini. Insha ina kichwa na miguu? Mia sita arobaini. Nzuri kidogo? Mia sita themanini. Mbaya kidogo? Mia sita. Mwenzako naye atakuwa hapo hapo. Kivulini hapaunguzi mtu."

"Na ile nzuri kweli?"

"Nzuri kweli iko wapi? Wote wamefyatuliwa kalibu moja kama matofali. Mwanafalsafa juu, 'aidha' na 'hivyo basi' katikati, serikali ifanye hivi chini. Niamini mimi."

Na Nildo akaamini. Msimu mzima hakupata kitone cha tatu. Akawa anamaliza rundo lake mapema kuliko wote, anajinyoosha, anakwenda kunywa kahawa. Mama yake akaongeza sifa: "Sasa hivi anasahihisha haraka haraka, kama mashine." Mama hakujua kwamba hapo alisema ukweli mtupu.

Mwaka wa pili, vitone vyake viwili bado viko ubaoni, mada ilikuwa maji ya mjini. Sisi huku maji ni ya zamu, yanakuja siku chache yanapotea siku nyingi, kwa hiyo kila mtu ana la kusema. Lakini watoto wakaingia kwenye kalibu kama walivyofundishwa. Mgiriki fulani kasema maji ndiyo asili ya vitu vyote. Aidha. Hivyo basi. Wizara itoe semina. Nildo alikuwa anabonyeza mia sita arobaini huku anafikiria kuskuzi ya mahindi na nyama ya kukaushwa aliyoachiwa nyumbani.

Halafu ikaja ile.

Haikuwa na Mgiriki. Ilianza hivi: "Ratiba ya maji ni moja kwa mtaa mzima, lakini matangi si mamoja." Nildo akaacha kufikiria nyama. Mwandishi alikuwa anaeleza, taratibu, bila kupiga kelele, kwamba mji unajisifu kuwa zamu ni sawa kwa wote, tajiri na maskini. Kumbe mwenye tangi kubwa juu ya paa hajui hata kama kuna zamu, na mwenye ndoo tatu anaijua zamu kuliko siku ya kuzaliwa ya mtoto wake. Usawa uko kwenye karatasi ya ratiba, haukufika jikoni. Na mwisho, pale wenzake walipoandika semina, huyu akaandika: "Kila nyumba inaletewa mita, hata ya maskini kabisa, kwa sababu mita inahesabu tunachodaiwa. Iletwe na tangi."

Nildo akacheka peke yake kwa sauti. Jirani yake akageuka.

"Vipi, umeona kituko?"

"Hapana. Vumbi tu limeniingia."

Akaisoma tena. Hoja imesimama. Lugha safi. Pendekezo lina nini, kwa nani na kwa nini, lote limo katika sentensi mbili. Kwa vigezo vile vile vya Mandacaru ilikuwa mia tisa sitini, na hizo arobaini unazikata kwa wivu tu. Akaweka mia tisa sitini. Kidole kikawa juu ya kitufe.

Akainua macho ubaoni. Vitone viwili vinamtazama kama macho ya paka.

Akaanza kujihoji. Mwenzangu ni nani? Akiwa mtu wa Mgiriki, ataona hakuna mwanafalsafa, atampiga mia sita. Itapanda kwa Dona Valdirene. Dona Valdirene akiwa na haraka? Akiamka vibaya? Hapo hapo kitone cha tatu, na mama anasimama barabarani anamwambia nani kuhusu feni?

Akarudisha namba moja moja. Mia sita arobaini. Akabonyeza.

Usidhani ilimchukua muda. Dhambi kubwa hazichukui muda. Akafungua insha iliyofuata, Mgiriki yuko pale pale anamsubiri.

Ijumaa orodha ya awali ikabandikwa getini. Jumamosi Nildo akaenda ukumbi wa parokia kufundisha darasa lake la bure. Darasa lenyewe ni la mchanganyiko: washonaji, wauza tapioka, zile chapati za muhogo, waliomaliza shule zamani wakakwama. Mmoja wao Jaciele, msichana wa miaka kumi na tisa, anakaa mbele kabisa, anauliza maswali mpaka watu wanaguna. Anataka uuguzi. Hataki kusikia kingine. Siku hiyo hakuuliza kitu. Darasa lilipokwisha akabaki, akatoa nakala ya insha yake, imekunjwa nne.

"Ticha, nimeanguka. Mia sita arobaini. Wa mwisho aliyeingia ana mia sita themanini."

"Pole sana, dada."

"Sitaki pole. Nataka unisomee uniambie nimekosea wapi. Nimeisoma mara nyingi, kosa silioni. Labda ndiyo ujinga wenyewe, mjinga huwa halioni kosa lake."

Nildo akafunua karatasi. *Ratiba ya maji ni moja kwa mtaa mzima.*

Jamani. Ule ukumbi una madirisha makubwa, upepo unapita, lakini jasho lilimtoka mpaka miwani ikateleza. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: hujakosea. Lakini ukisema hujakosea, linafuata swali, na swali likifuata, linafuatwa na jingine, na mwisho wa yote kuna kidole chako juu ya kitufe.

"Naona..." akasema. "Naona hujaanza na mwanafalsafa."

"Lazima?"

"Si lazima. Ila wasahihishaji wanapenda."

"Ehe. Na nini?"

"Viunganishi vichache. 'Aidha' huna hata moja."

"Kweli, sina."

"Na hapa mwisho, mita na tangi... hii ni kama utani. Wanaweza kuona unawafanyia mzaha."

Jaciele alikuwa anaandika pembeni ya karatasi kwa penseli, kila neno, kichwa kimeinama kama mtoto anayeonyeshwa njia. Alipomaliza akashusha pumzi.

"Kumbe! Na mimi pale kwenye tangi ndipo nilipojiona nimeua. Nashukuru sana, ticha. Mungu akupe. Wengine wanakuambia tu 'jaribu tena mwakani', wewe umenionyesha kosa kwa kosa."

Huyo akaondoka zake, mwepesi, anaimba. Nildo akabaki anakunja viti. Alikunja hata vile ambavyo havikunjiki.

Jumapili hakula. Mama akamgusa paji la uso, akasema ni tumbo, akamchemshia majani. Jumanne jioni mlango ukagongwa. Jaciele, na kipande cha keki ya mahindi kimefunikwa kitambaa.

"Mama yangu kakuletea. Anasema mwalimu anayefundisha bure alishwe. Halafu ticha, nimeiandika upya. Soma! Soma sasa hivi, sitaki kulala na roho juu."

Akaisoma wamesimama mlangoni. Mgiriki huyo hapo juu. Aidha, aidha, aidha. Ile ratiba imetolewa. Ndoo tatu zimetolewa. Mita na tangi, hakuna. Wizara husika itoe semina. Kila kitu mahali pake, kama maiti iliyovalishwa suti.

"Je?" akauliza Jaciele, macho yanawaka. "Nimepona?"

Mama yake Nildo akadakia kutoka ndani: "Mjibu mtoto wa watu! Umepigwa na radi?"

"Imekaa... kama wanavyotaka," Nildo akasema.

"Yes!" Akaruka. "Mwakani wananikoma!"

Alipokwisha kwenda, Nildo akaitazama ile keki. Mama akamkatia, akamwekea mkononi, ikabidi ale. Alikuwa anatafuna mchanga. Mwanzo alimnyima alama, ni kweli, lakini alama ni namba. Sasa alikuwa kamnyang'anya na kichwa chake. Na binti kaleta na shukrani juu.

Jumatano asubuhi akamfuata Mwalimu Adeildo kwenye duka la mikate, anakokunywa kahawa yake ya kila siku.

"Baraka yako, mwalimu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Kaa. Mbona sura imekuwa kama soli ya kiatu?"

"Mwalimu, ukikutana na insha ya mia tisa sitini, unafanyaje?"

"Sikutani nayo."

"Ukikutana nayo."

"Nildo, kunywa kahawa."

"Mimi nimekutana nayo. Nikaipa mia sita arobaini. Ile ya ratiba ya maji na matangi."

Kikombe cha Adeildo kikasimama hewani, hakikufika mdomoni wala hakikurudi mezani.

"Ya mita?" akauliza taratibu. "'Iletwe na tangi'?"

Wakatazamana. Muuza mikate akapita kati yao na trei, wala hawakumwona.

"Ulikuwa ni wewe upande wa pili," Nildo akasema.

"Sikujua kama ni wewe. Ningejua..." Adeildo akaweka kikombe. "Niliisoma mara mbili. Nikampigia hata mke wangu simu nikamsomea, nikavunja sheria. Nikasema, huyu mtu ana akili. Halafu nikasema, mwenzangu huko atampa mia sita arobaini, kama kawaida. Nisijipeleke juani peke yangu."

"Ulijuaje kama atampa mia sita arobaini?"

"Kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha wote."

Haya, unaona? Watu wawili hawajuani, hawaonani, kila mmoja anajua ukweli, na kila mmoja anamdanganyia mwenzake. Na Mandacaru wanaangalia namba mbili zinafanana kama mapacha, wanasema tazama, haki. Mimi hapo ningepindua meza. Nildo hakupindua. Alisema tu:

"Twende kwa Dona Valdirene."

"Tukamwambie nini?"

"Hivyo hivyo ilivyo."

Mikono ya Adeildo, mikono ile iliyoshika chaki miaka yote hiyo, ilikuwa inasugua meza kana kwamba kuna doa.

"Mimi nina mwaka mmoja nistaafu," akasema. "Namba yangu ni safi, Nildo. Hicho ndicho kitu pekee nilicho nacho pale. Nenda wewe. Sitakukana. Lakini nenda wewe."

Nildo akaenda. Dona Valdirene alimsikiliza bila kuinua macho kwenye makaratasi, mpaka alipofika kwenye kidole na kitufe. Hapo akaweka kalamu chini.

"Unasema uliweka alama usiyoiamini."

"Ndiyo, dona."

"Kwa kuogopa kitone."

"Ndiyo."

"Na umekuja kuniambia mimi, niliyeviweka hivyo vitone."

Mama yule akavua miwani, akabonyeza macho kwa vidole.

"Sikiliza, kijana. Siwezi kuifungua insha kwa sababu dhamiri yako inakuwasha. Alama zimekubaliana. Kinachoifungua ni rufaa ya mwandishi mwenyewe, kwa mkono wake, leo kabla hatujafunga saa kumi na moja. Yeye akikata rufaa, na wewe ukifuta alama yako kwa maandishi, nitaisoma mimi. Kufuta alama ni kitone."

"Najua."

"Kitakuwa cha tatu."

"Najua kuhesabu, dona."

"Na ikipanda, wa kumi anashuka. Umemfikiria wa kumi?"

Hakuwa amemfikiria. Akatoka na mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Kwa kina Jaciele sebule ndiyo kiwanda: cherehani tatu, marobota ya mifuko ya nyuma ya jinzi mpaka darini, njia ya kupita ni kiubavu. Mama yake, Dona Marinês, akamwona Nildo mlangoni akasimamisha mashine.

"Ticha! Keki umeionaje?"

"Nzuri, dona. Nimekuja kuzungumza na Jaciele."

"Zungumza tu, hapa hatuna siri, hatuna hata mlango."

Basi akasema mbele ya wote. Kwamba ni yeye aliyeisahihisha. Kwamba alijua inafaa mia tisa sitini. Kwamba aliogopa. Alisema haraka, kama mtu anayetapika. Jaciele alikuwa ameshika mfuko wa jinzi, hajauachia.

"Hebu rudi nyuma," akasema. "Jumamosi. Nilipokuuliza nimekosea wapi."

"Ndiyo."

"Ukanitajia makosa. Moja, mbili, tatu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unayatoa wapi?"

"Nilikuwa natunga."

"Ulikuwa unatunga." Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi naandika kwa penseli, wewe unatunga."

Dona Marinês ndiye aliyelipuka. "Wee mwanaharamu mwenye miwani! Na keki yangu ukala! Jana hiyo hiyo! Umekaa kwenu umeitafuna, umelamba na vidole! Mtoto wangu kaamka alfajiri siku tatu anamtafuta Mgiriki, kumbe Mgiriki mwenyewe ni woga wako! Toka! Toka kabla sijakushona mdomo huo na uzi wa jinzi, haufumuki mpaka ufe!"

"Natoka, dona. Lakini rufaa inafungwa leo."

"Rufaa kitu gani!"

"Mama," Jaciele akasema. "Mama, subiri." Akamgeukia Nildo. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia. "Ningekaa mwaka mzima naandika takataka na kukushukuru. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Ndiyo maana nimekuja."

"Hapana, usijipambe. Umekuja kwa sababu umeshindwa kulala." Akatupa mfuko kwenye robota. "Inaandikwaje hiyo rufaa?"

"Eleza tu kwa nini..."

"Basi, inatosha. Usinieleze. Nitaandika mwenyewe."

Akachana karatasi, akaandika juu ya meza ya cherehani, mistari mitano, hakumwonyesha. Walipanda bodaboda mbili tofauti, kwa sababu alikataa kukaa naye moja. Wakafika geti linasogezwa. Mlinzi akasema tumefunga. Jaciele akamwambia kitu ambacho sitakirudia, geti likafunguka.

Dona Valdirene aliisoma ile insha mbele yao. Aliisoma kwa kalamu mkononi, kalamu haikugusa kitu. Alipofika mwisho akatoa pumzi puani, kile kicheko cha watu wasiocheka.

"Iletwe na tangi," akasema. Akaandika mia tisa ishirini. Akachukua karatasi ya Nildo ya kufuta alama, akaipiga muhuri, akasimama, akaenda ubaoni, akabandika kitone cha tatu. Halafu akabandika kingine, mbele ya namba iliyokuwa safi siku zote. Nildo akageuza uso.

"Binti, masomo yanaanza mwezi ujao," akasema Dona Valdirene. "Usichelewe. Nawe, Josenildo, rudisha ufunguo wa kabati."

"Dona," Nildo akasema, "zile nyingine nilizosahihisha msimu huu. Niruhusu nizisome upya. Bure. Hata usiku na mchana."

"Wewe si msahihishaji tena."

"Basi zisomwe na mtu mwingine."

"Na nani? Na wale wengine walioko kivulini?" Akamtazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Unadhani silijui hilo jina, kivulini? Nenda nyumbani, kijana."

Nje Jaciele alikuwa tayari juu ya bodaboda.

"Hongera, dada," Nildo akasema.

"Ahsante kwa kurudi," akajibu. "Jumamosi sitakuja. Si kwamba nakuchukia. Nikiona unanisomea, nitakuwa najiuliza unatunga au hutungi." Akamgonga dereva begani, wakaondoka.

Nyumbani mama aliuliza kuna nini, akaambiwa kazi imekwisha. Siku hiyo hakumwita mpita njia yeyote. Halafu akasema, "Basi cherehani ya baba yako itiwe mafuta," akaenda kuitia mafuta mwenyewe.

Mji huu ni mdogo, maneno yanafika haraka. Jumamosi Nildo alikwenda ukumbini akijua hakutakuwa na mtu, amekwenda tu kwa sababu kukaa nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Akakuta foleni mpaka nje, inazunguka ukuta wa kanisa. Watu anaowajua, watu asiowajua. Kila mmoja na karatasi.

"Tumesikia," akasema Gorete, muuza tapioka, wa kwanza kwenye mstari, mikono kiunoni. "Tumesikia mnagawa mia sita arobaini kama maji ya baraka. Na mimi nilipewa hiyo hiyo. Haya, kaa, soma. Na usinitungie, nitakumwagia uji wa mihogo."

Akakaa. Akasoma. Foleni yote shingo mbele.

"Dada Gorete, hii ni mia nne themanini."

"Mia nne!"

"Umeulizwa maji ya mjini, umeandika mto wa kijijini kwenu. Umeandika vizuri, lakini sio ulichoulizwa."

Gorete akafikiri. "Kwa hiyo walinipendelea?"

"Walikupendelea."

"Basi usiwaambie!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na Nildo naye akajikuta ametabasamu, halafu tabasamu likamfia mdomoni, kwa sababu mkono mwingine ulishanyoosha karatasi.

Ya pili ilikuwa mia sita arobaini halali kabisa. Akasema hivyo, akaonyesha kwa nini. Ya tatu ilikuwa ya Mgiriki. Kila aliyopewa, alitazama kwanza mstari wa kwanza, anaomba kimoyomoyo asiutambue.

Ya nne aliutambua.

Mwenyewe alikuwa Seu Erivan, yaani Bwana Erivan, mlinzi wa usiku wa stendi, mtu mzima, kofia mkononi, kasimama kama mtu aliyeitwa polisi. Insha yake ilihusu sauti ya maji yanaporudi kwenye bomba usiku, mtaa mzima unaamka, na nani anaruhusiwa kulala. Nildo aliikumbuka. Aliikumbuka hata kahawa aliyokwenda kunywa baada ya kuibonyeza.

"Vipi, ticha?" Seu Erivan akauliza kwa sauti ya chini. "Sema tu. Mimi nimezoea."

"Hii niliisahihisha mimi."

"Ehe."

"Nilikudhulumu, Seu Erivan. Ilistahili zaidi."

Mzee akageuza kofia, akaigeuza tena.

"Bado mtu anaweza kukata hiyo rufaa?"

"Ilifungwa Jumatano."

"Ah." Akaikunja karatasi, akaifunua tena, akailaza mezani mbele ya Nildo, akainyoosha kwa kiganja. "Haya basi. Zaidi kiasi gani?"

Nildo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaisoma insha yote tangu mwanzo, pole pole, kigezo kwa kigezo, huku watu wamesimama juani wanamsubiri. Halafu akamwambia. Hakupunguza hata alama moja.